Turudi kwa Kazi, Mzee

Kazi yangu ilikuwa kuwarekodi wazee waliofanya kazi Kisumu zamani: makuli, mafundi wa cherehani, akina mama wa samaki. Chuo kilichonituma kilitaka habari za kazi tu, si za ndoa wala ugomvi wa mashamba. Na kuandika yote neno kwa neno kulikuwa juu yangu. Saa moja ya mazungumzo ilinilia siku nzima. Kwa hiyo mzee akianza kupotea njia, nilibonyeza kitufe cha kusimamisha mashini ya kurekodi, nikamwacha aseme ya moyoni mpaka arudi kwenye kazi, ndipo nikakibonyeza tena. Nilijiona mjanja kweli.

Mzee huyu alikuwa ameendesha kreni bandarini. Nilimkuta mtaani Migosi, kwenye chumba cha kupanga alichokaa na bintiye wa pekee, mwalimu wa watoto wadogo. Tulizungumza Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yake: yeye Mjaluo wa upande wa Muhoroni, mkewe marehemu Mkikuyu aliyeuza viatu vya mitumba. Mke huyo alizikwa kwenye makaburi ya mjini. Ndugu za mzee walisema mwanamke asiyejengewa nyumba bomani, kwenye makao ya ukoo, hazikwi huko, na mzee hakuwahi kujenga.

Alinieleza mizigo ya bandarini vizuri, polepole. "Pamba ni nyepesi kwa macho tu," alisema. "Ikinyeshewa, inavunja mtu mgongo." Bintiye alitoka kwenda kununua mkate, na nadhani mzee alikuwa akingoja atoke.

"Lakini nyathina, mwanangu, kazi iliisha. Sasa mimi nafikiria..."

"Turudi kwa kazi, Mzee," nikasema, nikabonyeza kitufe.

Yeye hakujua maana ya taa nyekundu ya mashini kuzimika. Aliendelea, akiinamia mashini kama mtu anayemnong'oneza jirani. Akasema akifa wasimpeleke Muhoroni, wamlaze hapo mjini kando ya mkewe. "Mama amelala peke yake kati ya watu hajui," akasema. "Umeshika hiyo?"

"Nimeshika, Mzee."

Nikawasha mashini, nikamuuliza zamu ilianza saa ngapi.

Alifariki baada ya mvua za masika. Binti akanipigia simu, sauti imemkauka. Alikuwa amemuuliza babake, kitandani, angependa kulala wapi, naye akamjibu kwamba hayo ameshayamaliza, ayaulize kwa yule mama wa mashini. Wazee wa ukoo walikuwa wamefika kuchukua mwili. Neno la binti hawakulitaka, lakini walikubali kusikia sauti ya baba mwenyewe. Nilikaa kitandani na simu mkononi. Nilijua vizuri kilichokuwamo kwenye rekodi na kisichokuwamo, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Nilikwenda. Wazee wanne walikuwa wameketi kwenye chumba kile cha Migosi, kofia zao magotini. Niliwasimulia yote aliyosema, mpaka lile la mama kulala peke yake. Binti alikuwa akilia kimya, kwa mara ya kwanza akiwa na matumaini. Mkubwa wao akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Mama, hatusemi unadanganya," akasema. "Lakini wewe ni mgeni, na marehemu ni mtoto wetu. Wacha yeye aseme."

Nikawasha. Pamba ikaja, mvua ikaja, mgongo ukavunjika. Kisha: "Lakini nyathina, mwanangu, kazi iliisha. Sasa mimi nafikiria..." Halafu sauti yangu, kavu, ya mtu mwenye haraka: "Turudi kwa kazi, Mzee." Na papo hapo, bila hata nafasi ya kuvuta pumzi: "Zamu ilianza saa ngapi?" Naye, mtiifu, akajibu kwamba saa kumi na mbili asubuhi.

Mkubwa wao aliomba irudiwe. Ikarudiwa mara tatu. Kisha akavaa kofia yake.

"Alitaka kusema," akaniambia. "Ni wewe ulimnyamazisha."

Maji yakimwagika hayazoleki. Walimzika Muhoroni, kwenye boma la babake, miwa ikianzia pale ua unapoishia. Nilihudhuria. Hakuna aliyenisema vibaya, na heri wangenisema.

Wiki iliyofuata binti aliniomba nimtumie rekodi kwenye simu yake, kisha akaniomba nimsindikize makaburini mjini. Kaburi la mamake lilikuwa la saruji, limepasuka upande mmoja. Aling'oa majani, akalaza simu juu ya saruji, akaiwasha ili mama amsikie mzee wake. Nilitaka kumwomba aizime kabla ya kufika pale nilipomkatiza mzee.

Tukasikia pamba, tukasikia mvua. Tukafika. Sauti yangu ikamwambia mzee arudi kwa kazi, na mzee akarudi.

Binti hakunitazama. Alichukua simu, akairudisha mwanzo, akailaza tena juu ya kaburi.