Shamba la Mama Ndani ya Chupa

Kuna siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, wala si ya harusi yangu. Ni Jumamosi asubuhi, katika miaka ya sabini, nimepiga magoti sebuleni kwangu, mtaa wa Ngara. Mkononi nina waya nilioupinda ncha ukawa ndoano, navua miche ya maharagwe kutoka ndani ya chupa kubwa ya kioo. Mama yangu, yaani nyanya yako ambaye hukumkuta, ameketi kwenye kochi ananitazama. Kila mche ukitoka nauweka juu ya gazeti. Ilitoka saba. Sikumwangalia usoni hata mara moja.

Umekuja na simu yako kunionyesha picha za bustani za chupa. Unataka nikufundishe kutengeneza moja umpelekee mama yako, kwa kuwa amestaafu na siku zinamwia ndefu. Vizuri. Nitakufundisha, maana zamani mimi nilikuwa fundi wa mambo hayo. Lakini hiyo simu iweke mezani kwanza unisikilize, kwa sababu nitakayokwambia sijapata kumwambia hata baba yako, naye ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Nilikuwa karani katika ofisi ya bima mjini, tai shingoni kila siku, nikijiona mtu. Pale mapokezi palikuwa na chupa nene ya kijani, ya zile zilizokuwa zikitumika kuletea asidi, na ndani yake mmeota msitu mdogo. Aliyeutunza ni mpiga chapa wetu, dada mmoja aitwaye Tabitha. Wageni walikuwa wakisahau kilichowaleta, wakabaki wameinama wanachungulia. Tabitha alinieleza siri yake saa ya chakula cha mchana. Ukishaifunga vizuri, maji yaliyomo hupanda kwa mvuke, yakagonga kioo, yakarudi chini. Bustani hujinywesha yenyewe miezi na miezi, haimhitaji mtu yeyote. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo niliyoipenda.

Baba yetu alikuwa amefariki. Shamba letu la Riruta, nje kidogo ya mji, tukalikata, tukajenga vyumba vya mbao vya kupangisha, kama walivyofanya majirani wote, na mama akabaki na kiwanja kisichotosha hata kuanika nguo. Mimi ndiye niliyekuwa kifungua mimba. Siku zile, mzaliwa wa kwanza mwenye kazi ya ofisini, ikiwa mama yake bado anaonekana na jembe, watu wa kanisani walimsema. Mtoto amesoma, amepata, na mama yake bado anachimba! Mimi sikutaka kusemwa. Nikamchukua mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mwenye mikono yenye nguvu kuliko yangu, nikampandisha ghorofa ya tatu, nikamwambia apumzike.

Apumzike! Neno hilo hata leo likinijia mdomoni natamani kulitema.

Alipotaka kuosha vyombo, msichana wetu wa kazi alimpokonya sahani kwa heshima zote, kwa sababu mimi ndiye niliyemwagiza. Alipochukua ufagio, mke wangu alimwambia aketi. Akawa anasimama dirishani. Chini kando ya barabara palikuwa na kipande cha udongo mtupu, na jioni moja akaniuliza kama kina mwenyewe. Nikacheka. Wiki iliyofuata akaniomba debe moja la udongo aweke pale kwenye veranda, apande hata dania ya kutia mchuzini. Nikamwambia mwenye nyumba haruhusu maji kumwagikia watu wa chini. Ulikuwa uongo, mwanangu. Nilikuwa naona haya madebe kwenye veranda yangu.

Ndipo nikamtengenezea chupa. Nilikwenda mpaka mtoni Riruta nikabandua ukijani ule laini unaoota juu ya mawe, nikang'oa na mimea midogo ya kivulini yenye majani kama manyoya. Chini nikaweka changarawe, juu yake makaa yaliyopondwa ili maji yasinuke, kisha udongo mweusi niliouchekecha. Mdomo wa chupa ulikuwa mwembamba, haupitishi mkono wa mtu mzima. Mimea niliipanda kwa vijiti viwili virefu, mchana kutwa, na ikapendeza kwelikweli. Nikaiweka mbele ya mama. Nyumbani tulizungumza Kikuyu, lakini maneno yalikuwa haya.

"Mama, hii ndiyo bustani yako. Haitaki kumwagiliwa wala kupaliliwa."

"Na mimi nafanya nini?"

"Unatazama tu."

Akaitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtoto aliyekuletea mchoro.

Hakuweza kutazama tu. Kila asubuhi nikishaondoka alikuwa anang'oa kizibo na kuinywesha, na kioo kikawa na ukungu, majani yakaanza kuwa meusi. Nikamkanya kwa upole, mara mbili. Kisha akachota maharagwe jikoni, akayatumbukiza moja moja kupitia ule mdomo mwembamba. Yakaota. Yakarefuka, meupe, yakitafuta tundu la kutokea. Mimi sikuyaona mpaka Ijumaa nilipowaleta nyumbani wenzangu wa ofisini, na mmoja akainama mbele ya chupa akaangua kicheko.

"Bwana, kumbe hapa kwako mnapika githeri ya maharagwe na mahindi kwa chupa!"

Wote wakacheka. Mama pia akacheka, akafurahi kwamba maharagwe yake yameonekana. Aliwaambia hata aina yake, na udongo yanaoupenda. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Basi kesho yake ndiyo ile Jumamosi. Nilipomaliza kuvua ule mche wa saba, nikarudisha kizibo, nikawasha mshumaa nikakizungushia nta. Halafu nikamwambia mama yangu mzazi, "Usiiguse tena. Wewe kila unachogusa humu ndani unakiharibu."

Akasema, "Sawa, baba." Unajua mama zetu huwaita watoto wao wa kiume hivyo wakiwapenda. Akalikunja gazeti na miche yake ndani, akaenda nalo chumbani.

Baada ya hapo chupa ilistawi hata mimi nikashangaa. Mama naye akatulia. Hakusimama tena dirishani. Hakugusa kitu, na nikisema kitu namaanisha kila kitu. Chai ikiletwa alisubiri atiliwe sukari. Mlango wa chumba chake alisubiri afunguliwe. Nami, kwa akili zangu za tai shingoni, nikamwambia mke wangu kwamba mama hatimaye ameuzoea mji.

Chini yetu alikaa Bi Zuhura, mwenyeji wa Mombasa, mumewe akifundisha Kurani huko mjini. Alikuwa akipanda alasiri kumjulia hali mama, wakizungumza kile Kiswahili cha mama cha kuokotaokota. Jioni moja alinisimamisha kwenye ngazi.

"Wewe mwanangu, hebu simama. Mamako ana nini?"

"Hana neno, Bi Zuhura. Anapumzika."

"Anapumzika! Jana nimempelekea mchele tuuchague sote wawili, akaificha mikono chini ya leso. Akanambia, 'Mimi hapana gusa. Mimi naharibu vitu, mtoto yangu alisema.' Wewe ulimwambia mamako maneno hayo?"

Nikaanza kumweleza habari ya chupa. Hakuningoja nimalize.

"Chupa ndiyo nini? Mtu kalima mpaka ada zenu za shule zikatoka ardhini, leo wamkalisha mbele ya kioo kama mgeni wa picha. Hata mgonjwa wa kitandani, mwanangu, hupewa tasbihi azungushe. Nenda kamwombe radhi, na umpe kazi, leo hii, kabla hujavua viatu."

Unafikiri nilikwenda? Nilipanda ngazi nikiwa nimekasirika. Nikajiambia kwamba huyu jirani ni mbea, na kwamba mambo ya nyumba yangu hayamhusu. Nilimpita mama sebuleni nikamwamkia kama kawaida, nikala, nikasoma gazeti. Nilikaa hivyo wiki tatu. Hizo wiki tatu ndizo zinazonitesa zaidi, kwa sababu hapo nilikuwa nimekwisha kuambiwa.

Baridi ya Julai ikaingia, na mama akaanza kukohoa. Alipolala siku ya nne bila kuinuka, woga ukanishika. Nikaenda Riruta nikachimba udongo nyuma ya vile vyumba vya kupangisha, nikajaza debe, nikalipandisha ghorofa ya tatu mgongoni huku majirani wakiniangalia. Nikaliweka kando ya kitanda chake, na maharagwe kwenye kikombe. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Debe lako hili hapa. Panda."

Akautia mkono ndani ya udongo. Akaufikicha, akaunusa. "Huu ni wa kule chini, karibu na mto," akasema. Kisha akautoa mkono, akaupangusa polepole kwenye shuka.

"Panda wewe, baba. Mimi nitaharibu."

Hakusema kwa kisasi. Laiti angekuwa ananikomoa, ningeweza kulia, tukasameheana. Alisema kama mtu anayekwambia jina lake. Nilikuwa nimemfundisha, naye alikuwa ameshika.

Alifariki kabla mwezi uliofuata haujaisha. Daktari alisema ni kichomi, na sina sababu ya kumbishia. Sisemi chupa ilimuua mama. Nasema alikufa akiamini kwamba mikono yake ni mibovu, na aliyemwaminisha hivyo ni mimi.

Tulimzika Riruta. Mzee mmoja wa kanisa akasimama kaburini akanisifu mbele ya watu wote. Akasema mwana huyu amewafundisha vijana, amempumzisha mama yake, hakumwachia kushika jembe tena mpaka siku ya kufa. Watu wakaitikia amina. Nami, mwanangu, niliinamisha kichwa nikazipokea zile sifa. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikanyamaza. Kuna watu mpaka leo wananitaja kwa wema huo.

Na chupa? Ilibaki kijani vilevile, haikupungukiwa hata jani moja. Nilishindwa kuivunja, nikashindwa kuitazama, nikaifunika kwa kitambaa. Tulipohamia karibu na Adams Arcade mke wangu aliigawa, na sikumuuliza alimpa nani.

Sasa chukua kalamu. Tafuta chupa yenye mdomo mpana, kama zile za peremende za dukani, mkono wa mama yako uingie wote mpaka kwenye kiwiko. Changarawe vidole viwili, makaa yaliyopondwa kidole kimoja, udongo mara mbili ya hivyo. Usiiweke penye jua kali, itachemka ndani. Nta usiisogeze karibu. Lakini usimpelekee ikiwa tayari. Mpelekee chupa tupu na udongo kwenye karatasi, keti chini, wewe uwe wa kushika vitu, yeye awe wa kupanda. Akiimwagia maji mengi ikaoza, usiseme neno. Muulize mnapanda nini tena. Akitia maharagwe, acha maharagwe yaote, na wenzako wakicheka, cheka nao, uwaambie ni ya mama.

Na kabla ya hayo yote muulize kama anaitaka hiyo chupa. Huenda anataka kuku wawili tu, au umpelekee mtoto wako akushikie. Usimwondolee mzazi kazi ya mikono yake ukaita heshima. Akikuambia mtu mwingine kwamba umemkosea mama yako, nenda jioni ileile. Usikae wiki tatu.

Mungu akuwekee mama yako. Akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo, aufunge mdomo wako siku utakapotaka kumwambia neno baya. Na ukizeeka, mwanangu, akupe watoto watakaokuachia la kufanya. Haya, nenda, usichelewe. Mama yako atakuwa yuko macho, amekaa tu.