Nilifuta Jina Lake Tu

Ningekataa siku ile, leo nisingekuwa nawaandikia. Neno moja tu, "hapana", likanishinda mimi mzee niliyemaliza kidato cha nne!

Nilikuwa katibu wa kamati ya maji ya kijiji, huku juu Newala. Bomba likitoa maji ni saa chache, kisha basi. Tulikubaliana wagonjwa wateke kwanza, wasipange foleni. Sababu ya kila mmoja niliiandika kwenye daftari, mwenyewe akiniambia kwa siri.

Mkutanoni akasimama mzee mwenzangu, mdomo kama shoka. "Katibu, shemeji yako anaumwa nini? Mbona kucheka anacheka? Au maji nayo ni urithi wa ukoo wenu?"

Watu wakaangua kicheko. "Tuoneshe daftari! Kupata taarifa ni haki yetu, sheria ipo!"

Shemeji huyo ni mjane wa marehemu mdogo wangu. Hasira zikanipanda. Nilitaka kumfunga yule mzee mdomo, basi.

Nikanakili orodha, majina nikayaacha. Nikajiona mjanja! Pasipo jina, nikajiambia, hiyo si siri ya mtu. Nikaibandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Mstari wa nne: "Mjane, ana mapacha, fundi cherehani, anameza dawa kila siku."

Wajane tunao wengi. Mjane mwenye mapacha na cherehani? Mmoja!

Adhuhuri haijafika, bombani wameshaanza: "Mpisheni fundi, dawa zinamngoja!" Kila mtu akampa ugonjwa anaoutaka yeye. Vitambaa vilivyokuwa kwake vikachukuliwa kabla ya kushonwa. Mteja mmoja akamwambia usoni, "Usinishike kiuno, mama. Nipime kwa macho."

Alikuja kwangu akitoka kuisoma ile karatasi ubaoni. Siku zote huanza na shikamoo. Siku hiyo hakuniamkia.

"Shemeji, nilimwambia katibu au niliuambia ubao?"

"Lakini sikukutaja jina..."

"Umeficha jina, uso umeuacha! Hata kipofu amenijua!"

Afisa kutoka wilayani ndiye aliyekuja kuibandua. Nikajitetea vilevile. Akanitazama kama mtoto mtukutu.

"Mzee wangu, taarifa binafsi si jina peke yake. Chochote kinachofanya mtu ajulikane ni nani, iwe kazi, umri au watoto wake, ni taarifa yake. Za afya ndizo za kulindwa zaidi. Wanakijiji wana haki ya kujua wagonjwa ni wangapi na foleni inaendaje. Hawana haki ya kujua nani anameza nini."



Nanyi makatibu, walimu, wauguzi, mnaofuta majina mkajipongeza: wajinga kama mimi! Jiulize kwanza, jirani mwenye roho mbaya akisoma hapa, atamjua mtu? Kama atamjua, chana! Hata humu nimebadilisha mambo mawili yanayomhusu shemeji. Hamtajua yapi.

Msinipe pole. Shemeji alifunga cherehani yake akahamia upande wa Lukuledi. Juzi nilikutana na mapacha sokoni Masasi. Mimi ni baba yao mkubwa, niliwabeba mgongoni hao. Walinipita. Kisha mmoja akageuka.

"Shikamoo, Katibu."

Watoto wa kunizaa sina. Hao wawili ndio waliokuwa wamenibakia, nami nimewapoteza.