Meneja Aliyekubali Bei

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwembesongo, nilivaa suti niliyorudi nayo kutoka Uingereza, na stashahada yangu ya elimu ya watu wazima niliibeba kwenye bahasha ngumu isije ikakunjika. Sikupelekwa huko na baba mwenye cheo. Baba yangu alikuwa mkata miwa, na sehemu ya ada niliilipa mwenyewe kwa kuosha sahani mkahawani. Kwa hiyo sioni haya kusema kwamba walimu wenye karatasi ile mkoani petu walikuwa wachache, nami nilikuwa mmoja wao.

Mratibu wa elimu ya watu wazima, mzee asiyependa maneno mengi, aliisoma stashahada mbele na nyuma, akanirudishia.

"Safi. Sasa hiyo suti kaitundike," akasema. "Biashara imeruhusiwa, wageni wanaingia. Wanafunzi wako wanataka Kiingereza cha kuuzia. Habari za maua na theluji ziache hukohuko ulikotoka."

"Na mtaala, mzee?"

"Mtaala uko njiani, kijana. Wewe anza."

Nikaanza, jioni baada ya soko, ndani ya ghala la zamani lililonukia bado magunia ya pamba. Nilifundisha kutaja bei kwa Kiingereza, kusoma risiti, kujaza fomu za benki, na kuuliza viwango kwenye maduka ya kubadilisha fedha, ambayo yalikuwa mageni mjini. Njia yangu kuu iliitwa igizo dhima: mmoja anakuwa muuzaji, mwingine mnunuzi, na mezani kuna bidhaa za kweli. Wenzangu walifundisha kwa picha za tufaha. Mimi nilileta nyanya, na darasa langu ndilo lililojaa.

Mwanafunzi wangu hodari alikuwa Mama Zuhura, Mluguru wa Mgeta, aliyeshusha karoti na kabichi kutoka milimani, zake na za wanawake wenzake wa kijijini. Shikamoo nilimpa mimi, maana alinizidi umri. Somo likianza ndipo aliponiita mwalimu. Wakati ule hoteli mpya ilikuwa imefunguliwa mjini, na meneja wake, mgeni asiyejua Kiswahili, alitafuta mtu wa kumletea mboga kila wiki. Mama Zuhura aliitaka sana nafasi ile. Mboga zao zilikuwa zikiozea sokoni kila mvua ilipofunga barabara na wanunuzi wa Dar kutokuja.

Tukafanya mazoezi. Mimi nilikuwa meneja, naguna, nasema ghali. Yeye anacheka, anapunguza kidogo, ananiongezea kabichi. Siku alipokwenda hotelini, Kiingereza chake cha bei kilikuwa kimeiva.

Jioni ile akaingia darasani na kapu lake limejaa vilevile.

"Hakuzitaka?" nikamuuliza.

"Alizitaka. Mimi ndiye niliyekataa."

"Kwa nini, mama?"

"Nilimtajia bei ya kuanzia, akasema sawa. Papo hapo, mwalimu. Hata karoti hakuigusa. Halafu anasema malipo mwisho wa mwezi. Mtu mwenye nia ya kulipa anakubali namna hiyo? Nikamuaga."

"Tapeli huyo," akasema muuza mitumba mmoja aliyekaa nyuma. "Au mgonjwa." Darasa zima likamuunga mkono.

Vijana mliozoea bei zilizobandikwa huenda mkashangaa. Kwetu bei ya kwanza ilikuwa mwanzo wa mazungumzo. Mtu aliyeipokea bila neno alikuwa amekataa kuzungumza nawe, na mtu usiyezungumza naye utamdai vipi mwisho wa mwezi?

Mratibu alipopata habari aliniita. "Mwalimu, unafundisha watu kuuza au kususa? Mweleze huyo mama kwamba wazungu ndivyo walivyo."

Mratibu alikuwa mtu wa busara, lakini hakuwahi kuishi kwao. Mimi nilizijua pande zote mbili. Mama Zuhura ningeweza kumweleza mpaka masika, na bado asingemwamini mtu yule. Nikaitoa suti msumarini, nikaenda hotelini, na kwa Kiingereza kisichohitaji mkalimani nikamweleza meneja kisa chote.

"Unataka niikatae bei ninayoiona nzuri?" akauliza.

"Ndiyo. Shika karoti, igeuzegeuze. Guna. Sema ni ghali."

"Halafu?"

"Halafu atapunguza, nawe usikubali upesi."

Akacheka, kisha akaomba tujaribu. Nikawa Mama Zuhura, yeye akawa yeye mwenyewe. Aliguna vibaya sana mwanzoni, kama mtu mwenye kiungulia, lakini akajifunza.

Mama Zuhura nilimbembeleza arudi mara moja tu. Nilimsubiri langoni, na alikaa huko ndani mpaka nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Akatoka na kapu tupu.

"Mgumu yule," akasema, uso umemkunjuka. "Amenisumbua hadi kwenye kabichi. Lakini ni mtu wa kulipa."

Na alilipa, mwezi baada ya mwezi, mpaka uhamisho wake.

Baadaye nilipelekwa Dakawa, kuwafundisha wakulima wa mpunga kusoma mikataba ya wanunuzi, kisha Mzumbe, kuwanoa walimu wenzangu. Kote niliongeza somo moja lisilokuwemo katika kitabu chochote nilichoona ng'ambo: mnunuzi anayekubali haraka. Somo hilo ni langu, na waliolipokea kwangu wanalifundisha hadi leo.

Sasa nimestaafu. Mama Zuhura ni bibi, anakaa kwenye kigoda sokoni huku binti zake wakibeba mizigo. Juzi nilikwenda kwake kununua karoti. Jua lilikuwa kali, magoti yananiuma. Alitaja bei, nikaingiza mkono mfukoni, nikasema haya, nifungie.

Akazirudisha karoti kapuni.

"Mwalimu," akasema taratibu, "unaumwa?"

Nikautoa mkono mfukoni. Nikachukua karoti moja, nikaigeuza huku na huku, nikaguna.

"Ghali," nikasema.

Akamwambia binti yake aniletee kigoda.