Tepu Zilizoandikwa Mbovu

Shangazi yangu aliandika programu ya kupishanisha treni kwenye reli moja, na kwa miaka kumi na tisa hakuna treni mbili zilizogongana. Hakupewa hata cheti. Aliiandika pamoja na rafiki yake kipenzi. Sisi nyumbani tuliwaita wake wenza, maana mume wao alikuwa mmoja: kompyuta kubwa kama makabati matano, iliyopewa chumba chenye kiyoyozi wakati mkurugenzi mwenyewe anajipepea kwa faili.

Yule rafiki akafariki. Hakuacha mtoto wala barua. Ila alikuwa na tabia ya kuchomeka vijineno katikati ya mistari ya programu, vya kumtania shangazi, ambavyo mashine huviruka tu.

"Humo ndimo alimobaki," shangazi aliniambia. "Nataka nimsome kabla macho hayajaniacha."

Kwa hiyo shirika la reli liliporuhusu tuokoe programu kutoka tepu za zamani, alikuja na miwani mbili. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme. Nilikuwa nimeifufua mashine ya kusomea tepu, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwa majivuno. Kumbe kazi ilikuwa bado! Tepu ya sumaku ikizeeka gundi yake hunata, hivyo unaioka kwa joto dogo kwa saa nane nzima. Tulitumia oveni ya shangazi. Kisha unaisoma mara moja tu, kwa sababu mashine huikwangua inapopita. Tukaoka, tukasoma. Orodha za mabehewa. Orodha za vipuri. Tepu ya nane iligeuka unga wa kahawia mbele ya macho yangu, na sikuwa na la kufanya ila kupangusa.

Nikamuuliza shangazi lebo za tepu zao wawili ziliandikwa nini. Akacheka kwa aibu kidogo. Bosi wao alikuwa bahili wa tepu. Akiona isiyo na kazi siku hiyo, anaifuta itumike tena. Basi wake wenza wakabandika lebo ya MBOVU kwenye nakala zao zote nne, kwa mwandiko wa shangazi, na bosi hakuzigusa tena. Nikamwambia yeye ni mjanja, na nilimaanisha.

Tukamfuata mtunza stoo wa shirika, mtu mpole, mwenye rafu safi kuliko jiko langu. Akatueleza kwamba mwezi uliopita aliagizwa apunguze mzigo, rafu zilikuwa zimeelemewa. Zilizotolewa zilichomwa. Nilitaka kumkaba, lakini kosa lake lilikuwa wapi?

"Sikutupa ovyo, mama," alisema. "Nilisoma lebo moja moja, nisije nikaharibu nzima. Niligusa zilizoandikwa mbovu tu."

Shangazi akamwambia alifanya vizuri. Aliyasema hayo huku ameshikilia ukingo wa rafu, nami nikatazama sakafu kama mjinga.

Nyumbani tulikuta oveni bado ina tepu ya vipuri ndani. Alikaa mbele yake bila kuvua viatu. Nikajaribu kumfariji, nikasema kichwa chake bado kizima, tukae tuiandike programu upya.

"Programu naikumbuka yote," alisema. "Maneno ya mwenzangu sikumbuki hata moja. Siku zile nilikuwa na haraka, mwanangu. Nilikuwa nikiyaruka."