Makohozi ya Kuazima

Mdogo wangu wa kiume ni mchimbaji Rwamgasa, mimi napima vijidudu maabara, Shinyanga. Nyumbani walizoea kututania kwamba mmoja anatafuta dhahabu gizani, mwingine anatafuta kifua kikuu kwenye makohozi ya watu, na wote wawili hatuna kitu. Tulikuwa tunacheka. Siku hizi sicheki.

Utafiti wetu ulikuwa wa makohozi ya wachimbaji wadogo. Kazi yenyewe haina maajabu. Unachukua kipande cha vinasaba vya mdudu kisichoonekana kwa macho, mashine inakipasha joto na kukipoza, inakizalisha mara nyingi mpaka kinaonekana. Baadaye tunavisoma vinasaba hivyo kujua kama mdudu anasikia dawa. Siku ya kukusanya, nilimwona mdogo wangu akikabidhi kikopo chake, amekonda, shati linaning'inia. Alikuwa akikohoa tangu masika. Mashine ikasema hakuna mdudu. Nilipaswa kushukuru, lakini moyo ulikataa.

Basi nikafanya kile tunachofanya tukihisi sampuli zimechanganyika. Makohozi hubeba pia vinasaba vya mtu aliyeyatoa, nikavizalisha nione ni mwanamume au mwanamke. Akatoka mwanamke. Nikapima vikopo vya wanaume wenzake wa duara moja, yaani shimo wanaloshuka pamoja. Mwanamke. Mwanamke tena. Nikarudia kazi yote nikijidai labda nimekosea.

Nilipanda basi hadi Kahama, nikaunganisha kupitia Masumbwe mpaka Rwamgasa. Mama lishe anayewapikia wachimbaji alinikaribisha ugali, na nilipomuuliza kuhusu vikopo hakunificha.

"Waliniomba, mwanangu. Walisema kifua changu ni kizima. Nikawatemea wote."

Mama huyo hata mdomo wa shimo haruhusiwi kuusogelea, eti mwanamke akikaribia dhahabu itakimbia. Ila kifua chake walikiazima bila wasiwasi. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, naye akadhani ni moshi, akanihamishia kigoda.

Mdogo wangu alipanda kutoka shimoni akiwa ameshika mbavu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Yale makohozi ulipeleka ya nani?"

Akaangalia chini.

"Anayekutwa anaumwa hashuki tena, dada. Na asiyeshuka hana mgawo. Nirudi nyumbani nikafanye nini?"

Nilimwambia dawa ni bure na watu wanapona. Nilimwambia na mengine ambayo sikuwa na hakika nayo, kwa sababu niliogopa kunyamaza. Kisha nikatoa kikopo kwenye mkoba. Alikwenda kusimama pembeni penye upepo, akakohoa kwa muda mrefu, ameinama, mkono mmoja gotini. Wenzake walimtazama kisha wakageukia mawe yao.

Safari hii yalikuwa yake mwenyewe. Yalikuwa na damu nyingi, na mimi niliyesomea mambo haya miaka yote nilianza kupekua mkoba nikitafuta glavu.

Alinikabidhi kikopo kwa mikono miwili, kwa adabu, kama tulivyofunzwa na mama.

"Dada," akasema, "si wewe ndiye unayeandika majibu? Andika tu kwamba ni mzima."