Nilimpelekea mvuvi sangara wa sokoni, nikamwambia nimemvua mwenyewe

Habari zenu wakuu. Vuteni viti, hii ni aibu yangu mwenyewe na chumvi sijaongeza hata punje.

Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Singida, ajira ikanitupa Tarime. Nimepanga Turwa, mtaa wa hapo hapo mjini. Maji mengi niliyowahi kuyaona kabla ya hapo ni ya kwenye tenki la shule.

Huku nikampata Akinyi, nesi, binti wa Kijaluo. Kwao ni mwaloni, kule mitumbwi inakopaki, unashuka kutoka Tarime mpaka ziwa likukatie njia. Baba yake ni mvuvi. Kuna mhasibu aliwahi kwenda kuposa, mzee akamkataa kwa sababu jamaa alimshika samaki kwa tishu.

Nampenda huyu dada, tena sana. Nikajiambia, mzee lazima aone mwanaume.

Hapo ndipo akili ililala. Asubuhi ya kwenda kujitambulisha nikapita sokoni Tarime, nikanunua sangara mkubwa, fresh kabisa, ana kiuzi cha kijani kimefungwa shavuni. Nikajua ni pambo la muuzaji tu. Kwenye bodaboda mimi na dereva tukambana katikati kama abiria wa pili.

(Nani anampelekea mvuvi samaki? Najua wakuu. Sasa hivi najua.)

Nikafika, shikamoo baba, marahaba, nikamlaza sangara miguuni pake.

"Nimemvua mwenyewe, baba."

Akinyi akatoka ndani, akamwangalia samaki, akaanza kunikonyeza. Mimi nikadhani ni mahaba, nikaendelea.

Mzee ni mpole, sauti ndogo. "Ulimvua lini?"

"Jana jioni."

"Kwa chambo gani?"

Mbele yangu kulikuwa na mbuzi amefungwa. Nikasema nyama ya mbuzi. Nikaeleza sangara alivyonivuta nusu saa nzima, mtumbwi ukataka kupinduka, mpaka nikasali. Na mikono nikarusha ili aelewe vizuri.

Mzee akaniacha nimalize. Akaingia ndani, akatoka na sweta kuukuu la shule, la kijani, limefumuliwa mpaka kwapani. Akaliweka kando ya samaki.

Mimi bado sijaelewa. Ikabidi Akinyi aeleze huku ameinamisha uso. Ni sweta lake la sekondari. Wavuvi pale wanampa mchuuzi mmoja samaki wote awapeleke Tarime, kwa hiyo kila mvuvi anafunga alama yake wasichanganywe. Alama ya mzee ni nyuzi za sweta hilo. Analifumua kidogo kidogo tangu binti amalize kidato cha nne.

"Huyu nimemtoa majini leo alfajiri," mzee akasema. "Kwa chambo cha furu, visamaki vya humu humu ziwani."

Nilitamani ziwa lipande linifuate pale pale. Nikapiga magoti, nikakiri yote: samaki nimenunua, kuogelea sijui, mtumbwi sijawahi hata kuugusa. Nikamwambia nimedanganya kwa kuogopa kumkosa binti yake.

Mzee akainama, akafungua kile kiuzi shavuni mwa sangara, akanishika mkono, akanifunga nacho kwenye kifundo cha mkono, fundo lile lile.

"Wangu nawafunga hivi," akasema, "ili wasipotelee Tarime."

Akinyi akakimbilia ndani. Nilimsikia analia na kucheka kwa pamoja.

Kesho yake mzee alinipeleka ziwani na nilitapika kwenda na kurudi. Ndoa tumefunga. Kiuzi ninacho mpaka leo, kinanuka shombo, na mke wangu amekataza nisikivue.

Funzo: kwa mvuvi nenda na sukari. Na ukweli, hata kama unakuaibisha, nenda nao mapema, usisubiri sweta.

Haya, na nyie mliowahi kujipaka sifa ukweni, shusheni yenu hapa chini. Nisichekwe peke yangu.