Aliitwa mara mbili, hakuitika

Saa tatu asubuhi, msitu ulio nyuma ya Alunguli, mtaa wa mji wa Kindu, mashariki mwa Kongo, bado unadondosha maji ya mvua ya jana. Watu sita wameketi chini wamepeana migongo, kila mmoja na daftari magotini. Hakuna mwenye kamera. Wanaandika kila sauti wanayoisikia, na pembeni yake jina la mwenye sauti.

Dakika arobaini zinapita hivyo. Mwandishi wa habari hii, ambaye kunyamaza si fani yake, anaziona ni siku nzima.

Kisha mwalimu wao, Ephraïm Katambwe, mwenye umri wa miaka 54, anapitia madaftari. Kwa mwanafunzi mmoja, Didier, anasimama. Kijana ameandika: mtu anakohoa.

"Mutu gani?"

Didier anageuza shingo huku na huku. Hakuna mtu.

"Ile njo mboloko, paa mudogo wa pori. Akishtuka anapiga chafya. Kila sauti iko na mwenyewe. Usipomujua mwenyewe, usiiweke kwenye filamu."

Wanafunzi wanacheka. Yeye hacheki.

Katambwe ni mmoja wa watu wachache mjini Kindu wanaoishi kwa kupiga filamu za wanyama, kama huko ni kuishi. Kinacholisha nyumba ni kupiga filamu za harusi, dola hamsini kila moja. Wanafunzi wanalipa dola kumi kwa mwezi. Wasipokuwa nazo wanaleta mkungu wa ndizi, na mwalimu anapokea bila kununa.

Kazi aliianza kwa kubeba mizigo. Mwaka 1996 wageni walikuja kupiga filamu ya tembo wa msituni upande wa Obokote, kaskazini mwa Kindu, naye akabeba stendi ya miguu mitatu ya kamera yao. Wakamfundisha. Vita vilipofika, mwaka 1998, wageni wakapanda ndege na kumwachia kamera moja, betri tano, sahani ya umeme wa jua na gunia la kaseti.

"Walisema, tunza, tutarudi," anasimulia. "Mpaka leo ninatunza."

Mji ulipokimbilia porini, wengine walibeba magodoro. Yeye na rafiki yake, Moussa Shindano, mjuzi wa kufuata nyayo, walibeba kamera. "Watu walisema tuko wazimu. Hawakukosea."

Wakajenga kibanda cha majani kando ya uwanda mdogo karibu na Obokote, ambako tembo huja kuchimba tope la chumvi. Hapo hakuna kusema. Tembo wa kule, waliowindwa mno, hukimbia hata mnong'ono, kwa hiyo marafiki hao waliongea kwa kugonga mzizi kwa kidole. Wakakaa hivyo miezi mitano.

Asubuhi moja ya Julai 1999, Moussa aliteremka kijitoni kuchota maji. Katambwe alibaki kibandani, kamera inazunguka, visikizi masikioni. Akasikia jina lake kutoka upande wa kijito. Ephraïm. Kimya kidogo. Ephraïm.

Hakuitika.

"Bibi yangu alitukataza," anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Porini, ukiitwa mara ya kwanza usiitike. Ya pili usiitike. Muzimu hauwezi kuita mara ya tatu, ila mutu ataita tena. Nikangoja ya tatu. Ningali ninaingoja."

Moussa hakurudi. Katambwe alimtafuta siku nne. Alichokiona ni dumu la maji tu ukingoni mwa kijito, limejaa, limefungwa kifuniko. Hakuna damu, hakuna alama ya mtu kuburutwa.

Aliporudi Kindu alimwambia mke wa Moussa, Mama Riziki, kwamba mumewe alipotea msituni. Habari ya sauti hakuitaja. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akinunua mawese kwenye meza ya mama huyo sokoni kila wiki, hata yale ya nyumbani yakiwa hayajaisha. Na wanafunzi wake wote amewapa kanuni moja, imeandikwa ukutani darasani: ukiitwa, itika mara ya kwanza.

Ile kamera ilikufa mwaka 2004. Kaseti iliyonasa sauti ile, ya kumi na saba, ikabaki ndani ya ndoo ya mchele mkavu isiliwe na unyevu. Mwaka jana alipata mashine ya kuisomea kwa mpiga picha mmoja wa mji wa Kalima, akakuta ukungu umeshaanza kuitafuna. Akaona kaseti ikifa kabla Mama Riziki hajaisikia, atakuwa amemdhulumu mara ya pili.

Jumamosi iliyopita alimwita darasani, akakiri yote. Alitaka mwandishi awepo. "Nisikimbie," alisema.

Mama Riziki alisikiliza hadi mwisho, kikapu mapajani, kisha akasema aisikie hiyo sauti.

Kwenye kioo wakatokea tembo saba, wanachimba tope. Kisha sauti ya mwanamume, ya karibu, isiyo na haraka, ikaita jina mara mbili. Nywele zilimsimama mwandishi, na haoni haya kusema hivyo.

Mama Riziki aliomba irudiwe. Ikarudiwa mara tatu.

"Hii haiko sauti ya bwana yangu," akasema.

"Mama, usinihurumie."

"Nikuhurumie juu ya nini? Nililala naye miaka kumi na miwili. Hata akikohoa nje nilimujua. Huyu haiko Moussa."

Ndipo Déborah, mwanafunzi aliyekuwa ameshika mashine, akasema polepole: "Mwalimu, angalia tembo."

Akarudisha picha nyuma. Jina likaitwa mara ya kwanza, likaitwa mara ya pili. Tembo saba, wanaokimbia mnong'ono, hawakuinua hata sikio. Waliendelea kuchimba kana kwamba hakuna aliyesema.

Katambwe alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Kila alipoicheza kaseti, zamani kwa kamera na sasa kwa mashine, alikuwa anafumba macho ili asikilize vizuri.

Akalia mbele ya wanafunzi wake. Ni furaha, anasema: aliyeita hakuwa mtu, kwa hiyo hakumnyamazia rafiki yake. Furaha hiyo haikumaliza dakika tano.

Mama Riziki alikuwa ameshasimama kuondoka. "Basi hata Moussa aliitwa," akasema bila hasira. "Labda kwa sauti yako. Na yeye hakuwa mutu wa kungoja mara ya tatu. Ukimwita, anakuja."

Akachukua kikapu chake, akatoka.

Kanuni ya ukutani imefutwa. Nyingine haijaandikwa, maana mwalimu mwenyewe hajui aandike nini.

Juni hii Katambwe anakwenda Obokote kwa pikipiki, pamoja na Déborah na Didier, kupiga filamu ya kwanza ya shule yake, ya tembo wa uwanda ule kama bado wapo. Atafunga mikrofoni nne kuzunguka kijito, na atakaa siku kumi.

"Kuitwa siogopi tena," anasema, akikunja nyaya zake. "Ninaogopa nitasikia sauti yangu mwenyewe kule, inamwita Moussa."